Kabla Hujalikata Paa la Landrova

Vijana wangu, juzi mlinikalisha kwenye benchi la gereji mkanionesha kwenye simu magari ya vijana wa Marekani. Gari la enzi za babu zao limekatwa paa, limeshushwa mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, injini iko uchi, na linanguruma utadhani lina ugomvi na mtu. Mkaniuliza, "Babu Dadi, sisi tukiokota mkweche wa zamani, tuuache kama ulivyotoka kiwandani au tuufumue tuuunde tunavyotaka?" Nikawaambia chai yangu inapoa, nikaondoka. Swali lenu lilikuwa kubwa kuliko kikombe changu, nikaona nikalitafune kwanza nyumbani.

Sasa nimelitafuna. Sogeeni.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Fundi Chinguile, Mmakonde mfupi mwenye chale usoni na mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Mji wetu huu wa Nachingwea, kama mnavyosikia kwa wazee, uliota kwenye vyuma. Wazungu walileta mitambo ya kulimia karanga, karanga zikawashinda, wakaondoka, vyuma vikabaki. Chinguile alijifunza ufundi kwa kuvifungua vyuma vile na kuvifunga tena. Hakuwa na mwalimu mwingine. Ndiyo maana alikiheshimu chuma kuliko alivyoniheshimu mimi.

Wiki yangu ya kwanza kwake nilipewa kazi ya kufungua boliti za gari la Kiingereza la zamani. Nikachukua spana ya kumi na tatu. Ikaingia, ikacheza kidogo, nikasema mwanamume hashindwi na kitu kinachocheza kidogo. Nikavuta. Spana ikaruka, ngumi yangu ikapiga chesisi, na boliti ikabaki haina pembe, imekuwa duara kama punje ya mbaazi. Chinguile hakunigombeza. Aliitoa ile boliti kwa patasi na nyundo, akaipitisha kamba, akanivalisha shingoni, akanituma sokoni kununua sabuni. Kila mtu niliyepishana naye aliuliza, "Dadi, hirizi hiyo ya nini?" Nami nikalazimika kueleza kwamba vyuma vya Kiingereza vya zamani vinapimwa kwa inchi, vya Kijapani kwa milimita, na nusu inchi si kumi na tatu, hata zikifanana kama pacha. Niliporudi na sabuni nilikuwa nimelieleza somo lile mara nyingi kiasi kwamba hata leo siwezi kulisahau.

Basi hilo ndilo la kwanza: ukitaka kulibadili gari la zamani, kwanza lijue lugha yake. La pili ni sumaku. Msiende kazini bila sumaku mfukoni. Landrova za zamani chesisi zake ni chuma lakini bodi ni alumini. Sumaku ikinasa, hapo ni chuma. Ikidondoka, hapo ni alumini, na alumini haichomelewi kwa mashine yenu ya kuchomelea mageti. Ukiiwashia moto itayeyuka na kudondoka kama samli, na wewe utabaki umeshika tundu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Landrova moja tu, ile iliyonifanya nilielewe vizuri swali lenu. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya mwisho kabla magoti hayajaniambia yametosha.

Landrova yenyewe ilikuwa ya marehemu Mzee Issa, mkulima na mfanyabiashara wa ufuta kule Chiola. Ni pikapu ya kijani, kabini mbele na karai la mizigo nyuma. Wengi wenu hamkumkuta, lakini waulizeni wazazi wenu. Mtu wa Chiola aliyeumwa na nyoka, mzazi aliyeshikwa na uchungu, bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe, wote walipanda gari lile. Mzee Issa alipofariki, gari likabaki uani kwake juu ya mawe, likaota nyasi kwenye boneti, kuku wakaligeuza jumba lao la uzazi. Binti yake Somoe, ambaye alirithi biashara ya baba yake na ulimi wa baba yake, hakutaka mtu aliguse. Waliokuja kulitaka kwa vyuma chakavu aliwafukuza kwa ufagio.

Kisha akaja Masanja.

Masanja ni Msukuma, mfugaji, alihamia huku na ng'ombe wake akaweka boma karibu na Kiegei. Mnajua yalivyokuwa mambo siku zile. Ng'ombe wakiingia shambani kwa mtu, kelele zilifika mpaka mjini, na ng'ombe wasipoingia, watu walisubiri waingie. Masanja alifika kwa Somoe kununua mahindi. Akaiona Landrova kati ya nyasi, mahindi akayasahau. Aliniambia baadaye kwamba alipokuwa mtoto kule kwao gari kama lile ndilo lililokuja kijijini mara moja kwa mwezi, na watoto walilikimbilia ili walinuse tu.

Akalitaka. Somoe akakataa. Akarudi na maziwa kwenye kibuyu, Somoe akapokea maziwa, akakataa. Akarudi tena, na safari hii akasema neno la maana: "Dada Somoe, mimi simwombi baba yako aliyelala. Naomba gari liamke. Tulifufue pamoja, liwe letu wote wawili. Wewe utabeba ufuta na mbaazi zako, mimi nitabeba ndama wangu na maziwa."

Somoe akakubali, na hata sasa hajui kwa nini. Chiola nzima ikashika kidevu. Mkulima na mfugaji kumiliki gari moja! Kuna watu walianza kukisia kama ugomvi utaanza kabla ya mavuno au baada yake.

Ulianza siku ileile walipolileta kwangu.

"Mjomba Dadi," alisema Somoe, maana mama yake na mimi ni watu wa ukoo mmoja, "nataka liwe kama lilivyokuwa siku baba alipolizima. Kila kitu. Hata ule mfuko wa kitambaa alioushona akautundika mlangoni wa kuwekea tumbaku."

"Mzee Dadi," alisema Masanja, "mimi nataka likipita sokoni watu waache kuhesabu chenji. Paa tukate. Matairi mapana. Injini ya Kijapani, nimeshaagiza Dar. Rangi nyekundu. Na mbele hapa pembe za fahali wangu aliyekufa mwaka wa njaa."

"Pembe?" alisema Somoe.

"Pembe," alisema Masanja.

Nikawapa chaki. Nikamwambia Somoe, weka alama nyeupe pasipoguswa. Masanja, wewe weka nyekundu panapobadilishwa. Nilidhani nimefanya busara. Niliporudi kutoka kununua mafuta ya taa nilikuta gari lina madoa kama kanga wa porini, na wao wawili wako pande mbili za boneti, kila mmoja anafuta alama za mwenzake kwa kiwiko.

Basi nikalifuta lote, nikaanza mwenyewe kwa njia ya Chinguile. Yeye alikuwa akilitenga gari la zamani katika mafungu. Fungu la vinavyofanya kazi, hivyo acha mikono yako mbali navyo. Fungu la vinavyougua, hivyo vitibu kwanza kabla hujafikiria kuvitupa. Na fungu la vilivyokufa, hivyo vizike, usivililie. Kazi ngumu kuliko zote, alisema, ni kutofautisha mgonjwa na maiti.

Breki zilikuwa maiti. Somoe akabisha. "Mjomba, baba alisimama kwa breki hizohizo miaka yote."

"Mwanangu, baba yako ili asimame Chiola alianza kukanyaga breki akiwa Kiegei."

Masanja alicheka mpaka akakaa chini. Somoe naye akajikaza, akashindwa, akacheka. Nikawaeleza jambo ambalo nawaeleza na ninyi: katika gari la zamani kitu cha kwanza kubadilishwa kiwe breki. Mbio baadaye, urembo baadaye kabisa. Nikaweka breki za gari la toleo la karibu yake, zenye kusaidiwa na injini, na sikulazimika kukata hata sehemu moja kwa sababu matundu ya boliti yaliendana. Hiyo nayo ishikeni. Ukitafuta kifaa cha kubadilisha, kitafute kwenye ndugu wa gari lako kabla hujakwenda kwa majirani.

Injini ilikuwa imeganda. Ilikaa miaka na pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu. Masanja akasema, si mnaona, imekufa, nami nina nyingine iko njiani. Nikamwambia bado sijampima mapigo. Nikatoa plagi, nikamimina mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya gia boksi kwenye kila tundu, nikafunika kwa kitambaa, nikaliacha. Kila asubuhi nikaongeza kidogo. Halafu tukaliweka gia ya juu, tukawa tunalisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kama unavyombembeleza mtoto aliyekasirika.

Siku moja Somoe akasema anataka kujaribu hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Nikamwonesha namna ya kuishika: kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, maana injini ikirudisha teke itakuvunja kidole kama kijiti cha muhogo. Akafunga kanga kiunoni, akainama, akavuta. Hamna kitu. Akavuta tena, akatukana kidogo, Mungu amsamehe, akavuta. Hendeli ikaenda robo mzunguko.

Somoe akaiachia kama imemuunguza. "Mjomba, imesogea."

"Nimeona."

"Imesogea!" Akageuka ukutani, mabega yakawa yanatikisika, nami nikajifanya natafuta spana. Ndani ya kabini ile, aliniambia baadaye, bado kulikuwa na harufu ya baba yake, tumbaku na ufuta, na alikuwa anaogopa kwamba kila tutakachokitoa kitaondoka na kipande cha ile harufu.

Baada ya kazi ya siku nyingi injini iliwaka. Ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikatulia, ikaanza kutwanga polepole. Somoe akapiga vigelegele. Masanja alipeana mkono na mimi kwa adabu, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Injini yake ya Kijapani ilikuwa imeshafika, imekaa kwenye kona ya gereji juu ya tairi, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba ili iingie lazima nikate mhimili wa chesisi, na kwamba chesisi ya gari la kubeba watu sikati.

"Mzee Dadi," alisema taratibu, "kila ninachotaka mimi ni hapana. Paa hapana, injini hapana, rangi hapana. Gari hili ni letu wawili au ni lake na mimi ni mchunga wake?"

Nikasema tutazungumza kesho.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilirudi kutoka msikitini nikakuta nafasi tupu gerejini, na alama za matairi ya trekta zikielekea barabara ya Ruangwa. Jirani yangu mshona viatu akaniambia Masanja amelivuta gari kwa trekta, amesema anakwenda kwa kijana mmoja wa kuchomelea asiyeuliza maswali mengi.

Nikampigia Somoe. Sikumaliza sentensi. Muda si mrefu alifika na bodaboda, kanga kichwani imefungwa kivita, akaniamuru nipande nyuma yake. Tukawa watatu, dereva, yeye na mimi na mfuko wangu wa spana za inchi. Barabara ile wakati huo ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi. Njia nzima hakusema ila mara moja tu: "Akilikata, mjomba, na watu wa Chiola wakiliona limekatwa, hakuna Msukuma atakayenunua tena hata debe la mahindi pale kwetu. Na mimi ndiye niliyewaambia watu wamwamini."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumeshavuka habari ya gari.

Tulimkuta Masanja mahali pa kuchomelea, pembeni ya mji wa Ruangwa. Landrova iko katikati, na kijana mchomeleaji, jina lake Selemani, yuko juu ya kiti cha plastiki, mashine ya kukatia iko mkononi inapiga kelele, unga wa alumini unaruka. Somoe aliruka kabla pikipiki haijasimama. Akalishika paa kwa mikono miwili, akasema, "Kata na vidole."

Selemani akazima mashine. Kwenye ukingo wa paa kulikuwa na mkato mpya, urefu wa kidole cha shahada.

"Mama, mimi nimeambiwa kata," alisema Selemani. "Mwenye gari ni huyu."

"Mwenye gari ni sisi!" Somoe na Masanja walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kwa kuwa wamekubaliana.

Nikamwomba Masanja tukae kando. Nikamuuliza, bila ukali, paa limemkosea nini. Alichora mchanga kwa fimbo yake. Halafu akasema, "Mzee, tangu nifike huku nikipita barabarani watu wanasema, wafugaji hao. Hakuna anayesema Masanja huyo. Nataka kupita na kitu ambacho hakifanani na cha mtu. Niwe wazi, upepo unanipiga, watu wananiona uso. Waseme, Masanja huyo. Basi."

Ningejua mapema, siku ileile ya chaki, tungepunguza safari. Mimi nilikuwa nimesikia neno "kata" tu, sikumuuliza anakata ili apate nini. Vijana, mteja akikwambia kata, muulize.

Nikasimama. Nikamwambia Selemani, "Mwanangu, hebu niazime hicho kiti." Nikafungua mfuko wangu. Kwa sababu Landrova ile, na hili Chinguile alinionesha nikiwa kijana kama ninyi, walioiunda waliiunda kwa ajili ya watu wanaotaka kuvua paa. Paa la kabini limeshikwa na boliti tu, safu moja mbele juu ya fremu ya kioo, nyingine nyuma na pembeni. Vioo vya milango navyo vimekaa kwa nati mbili mbili, unavichomoa mlango unabaki nusu. Na kioo cha mbele kina bawaba chini. Ukilegeza nati zake za pembeni, kinalala chote juu ya boneti.

"Acha utani, mzee," alisema Selemani.

"Lete dizeli na nyundo ndogo."

Boliti iliyolala miaka mingi haitaki ubabe. Unailowesha, unaigonga kichwani taratibu ili kutu ishtuke, halafu unaanza kwa kuikaza kidogo, ndiyo, kuikaza, kisha ndiyo unailegeza. Nenda rudi, nenda rudi. Selemani alishika upande wa kushoto, mimi kulia, na nilimwazima spana zangu za inchi, kitu nisichomfanyia mtu ovyo. Ana mikono mizuri yule kijana. Moja ilikataa kabisa, akaipasha moto kwa uangalifu huku mimi nimekinga rangi kwa kitambaa cha maji, ikatii. Somoe alisimama amekunja mikono. Masanja alikuwa anahesabu boliti kila zilipodondoka kwenye kopo, kwa Kisukuma.

Tukashika pembe nne, sisi wanne. Nikasema inua. Paa likatoka kama kifuniko cha chungu, tukaliweka chini mzimamzima. Nikavua vioo vya milango. Nikalaza kioo cha mbele.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia ndani ya kabini mpaka chini kwenye pedeli, mahali ambapo halijawahi kufika tangu gari liundwe, au pengine tangu Mzee Issa alinunue.

Masanja akaingia, akakaa, akashika usukani. Upepo ukamgonga usoni. "Aah," alisema. "Aah, Mzee Dadi!"

Somoe alilizunguka gari. Akaligusa paa pale chini, akaugusa mlango, akachungulia ule mfuko wa tumbaku ambao ulikuwa bado umening'inia mahali pake. "Kumbe," alisema, "baba alikuwa na gari linalovua kofia, na hakuwahi kulivua hata siku moja."

"Alikuwa mtu wa heshima," nikasema.

"Alikuwa na kipara," alisema Somoe, na hapo ndipo alipocheka, na Masanja akacheka, na hata Selemani aliyeanza kwa kuogopa vidole vya watu akacheka akashika mbavu.

Yaliyobaki yalikuwa rahisi. Watu wakishacheka pamoja, chaki hazina kazi. Wakakubaliana wenyewe, mbele ya chai ya maziwa pale Ruangwa, mimi nikiwa shahidi. Kiangazi paa likae chini, masika lirudi. Rangi isiguswe, wala nyekundu wala kijani kipya. Tuliiosha tu tukaipaka mafuta, na mle ilimopauka kwa jua ikaachwa ilivyopauka. Matairi mapana Masanja alipewa, ila si mapana sana, maana nilimwonesha yatakavyosugua bodi akikata kona. Pembe za fahali alipewa. Nilizifunga kwa vibano, bila kutoboa, siku mtu akizichoka aziondoe asiache kidonda. Ukiweza kuongeza kitu kwenye gari la zamani kwa namna ambayo mjukuu wako anaweza kukitoa, ongeza kwa roho nyeupe.

Na injini? Masanja alitaka kwanza aijaribu ile ya zamani kwa mzigo. Tukapakia magunia ya mbaazi, akaipeleka kwenye mlima mmoja wa mchanga. Ilipanda kwa gia ya pili, haikukimbia, haikusimama. Alishuka akaipapasa boneti kama anavyompapasa ng'ombe. "Huyu ni maksai," alisema. "Hana mbio lakini hajui kurudi nyuma." Ile ya Kijapani aliifunga kwenye mashine ya kusaga, iko Kiegei, na wanawake wa pale waliokuwa wakitembea mbali na ndoo za mahindi vichwani sasa wanasaga mlangoni. Yeye anasema huko ndiko ilikokuwa inakwenda tangu mwanzo, ilipotea njia tu ikapitia gerejini kwangu.

Siku ya kulipeleka gari Chiola nilialikwa. Tulipita sokoni Nachingwea paa likiwa limevuliwa, pembe mbele, Masanja kwenye usukani, Somoe pembeni yake, mimi nyuma juu ya magunia ya mbaazi nimeshika vyuma kwa nguvu zote. Mwuza nyanya mmoja alisimama akaweka mkono kichwani. "Masanja huyo!" akapiga kelele. Masanja hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele kama mtu asiyesikia, ila niliona masikio yake yamesogea nyuma kwa tabasamu.

Chiola walikuwa wamejaa uani. Na mlangoni, kwenye mkeka, alikuwa amekaa Bi Hadija, mama yake Somoe, mjane wa Mzee Issa, mzee sana sasa, anasikia vizuri, anaona vizuri, ila haongei bila sababu. Somoe alimwendea akapiga magoti. "Mama, tumelirudisha. Injini ni ileile. Rangi ileile. Viti vilevile, mfuko wa tumbaku uleule. Tumejitahidi liwe kama lilivyokuwa."

Bi Hadija alisimama kwa kusaidiwa, akalisogelea gari. Akalitazama muda mrefu, pembe, kioo kilicholala, viti. Nikaona Masanja amevua kofia.

"Kama lilivyokuwa," alisema Bi Hadija. "Mnajua lilivyokuwa? Mbele alikaa baba yenu na mgeni wake. Akikosa mgeni, alikaa na mzani wake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, miaka yote, na mtoto mgongoni. Nimemzika Issa sijawahi kukaa mbele ya gari hili."

Somoe akageuka akakitazama kile kiti cha mbele.

Masanja ndiye aliyesogea. Alifungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa kofia yake, akasema, "Karibu, mayo," yaani mama, kwa lugha ya kwao. Akampa mkono. Bi Hadija akapanda, akapanga kanga yake vizuri, akaegemea. Kisha akamtazama binti yake. "Wewe ulijifunza kuendesha, sivyo? Shika usukani."

"Mama, lakini Masanja..."

"Masanja ana miguu imara. Kuna nafasi juu ya magunia."

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko. Masanja akarukia nyuma, akanivuta mkono nami nikapanda. Somoe akawasha. Bi Hadija akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamrisha magari maisha yake yote, "Twende Ruangwa. Na usiende polepole kama baba yako."